Nyapara mpya: vibarua wananizidi umri, nikigeuka wanaongeza maji kwenye zege. Nikaze au niongee nao?

Kijana_wa_Saiti:
Wakuu habari zenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 27, nimepewa unyapara kwenye jengo la ghorofa hapa Dodoma. Zaidi ya nusu ya saidia fundi wangu ni watu wazima wa kunizaa. Shida yangu ni maji. Zege tunachanganya kwa mkono: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji napima mwenyewe kwa ndoo. Nikisimama pale linatoka zuri. Nikienda upande wa pili kuangalia nondo, nikirudi nakuta uji. Ukiuliza nani kaongeza, hakuna aliyeongeza.

Nimefoka mpaka sauti imekauka. Nikawakata wote hela ya siku, na sioni kama nilikosea, maana jengo likipasuka nitakayeitwa ni mimi. Wakatulia kidogo, uji ukarudi. Bosi anasema nifukuze wawili wawe mfano. Fundi mkuu anasema niongee nao kiungwana. Sasa nikianza kuwabembeleza watu niliowafokea jana, si watanipanda kichwani? Alhamisi tunamwaga slabu, sakafu ya zege ya ghorofa.

Chuma_Moto:
Fukuza mkuu. Getini kila asubuhi kuna vijana wanaomba kazi. Kibarua ukimchekea atakuja na mkeka kabisa alale.

Fundi_Timazi:
Marahaba mwanangu.

Huyo anayesema fukuza hajawahi kubeba karai. Hao wa getini nao wataongeza maji. Mimi nimekuwa saidia fundi kabla sijashika mwiko, nakwambia maji hayaongezwi kwa ubishi. Zege gumu ni zito kulikoroga kwa koleo. Ukilifikisha kwenye nondo zilizobanana halishuki, unalisindilia kwa mti mpaka mabega yanawaka moto. Ndoo moja tu ya maji, kazi imekuwa nyepesi. Wewe umewapa amri, ila kinachowafanya waivunje umekiacha palepale. Kwa hiyo itafuatwa mpaka hapo macho yako yanapofika, basi.

Anza na bosi. Yeye ndiye wa kubembelezwa kwanza. Akodi vibreta, ile mashine ya kutetemesha zege, kwa siku ya slabu, zege gumu ukilitia vibreta linashuka lenyewe na kujaa kila kona. Akileta ubahili, muulize kubomoa slabu ni shilingi ngapi. Omba na kapi, karai zivutwe kwa kamba, wazee wa watu wasipande ngazi ya mirunda na mzigo kichwani.

Ukishapata hayo ndiyo uwaite, na usihubiri. Tengeneza kiboksi cha mbao, mmwage tofali mbili: moja kwa maji yako, moja kwa maji yao, wachanganye wenyewe. Zimwagilieni sawasawa wiki nzima. Halafu nyundo mpe yule unayemhisi ndiye mwenye ndoo, apige mbele ya wenzake, wewe kaa kimya. Saruji ina kiasi chake cha maji inachokihitaji, yanayozidi yanakauka na kuacha vitundu. Ile tofali ya uji itaanza kupukutika kwenye kona. Nimeona mtu akipiga nyundo namna hiyo, tangu siku ile pipa la maji akawa analilinda yeye.

Halafu wale wazee, ukifika asubuhi unawaamkia? Nauliza tu. Tanga nilifanya kazi chini ya msimamizi mmoja mdogo kwetu sote. Alikuwa anapita kwa kila mtu, mkubwa anapewa shikamoo yake, anakumbuka hata mtoto wa nani alikuwa anaumwa. Ukikosea anakuita nyuma ya ghala la saruji mnaongea wawili, ukitoka huko hakuna anayejua umeambiwa nini. Hatukuwa tunamwogopa, ila kumwaibisha mbele ya wenye jengo hakuna aliyekuwa tayari.

Na usinielewe vibaya. Mtu amekuja amelewa anataka kupanda jukwaani, hapo hakuna kubembelezana, anashuka.

Kijana_wa_Saiti:
Mzee wangu nashukuru, lakini Alhamisi ni keshokutwa. Hizo tofali hazitakuwa zimekomaa.

Fundi_Timazi:
Kweli, hilo nililipita. Basi kaazime koni ya kupimia zege, wenye miradi mikubwa hawazikosi. Ni ya chuma, urefu sentimita 30. Unajaza tabaka tatu, kila tabaka unachoma kwa fimbo yake ya chuma mara 25, kisha unainyanyua taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. La kwako litashuka kidogo na kusimama. La kwao litatandazika kama ugali uliokosa unga. Koni wanyanyue wao. Tofali nazo mwaga hizohizo kesho, mtazipiga baadaye, kazi bado ndefu.

Mstaafu_wa_Chaki:
Vijana, jambo hili lilishaonekana kwa ukubwa wa nchi nzima, enzi za vijiji vya ujamaa. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika wazi kwamba kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi, na kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Kule Songea, watu wa kijiji cha Litowa na vijiji wenzake walikuwa wameungana kwa hiari yao, wakilima na kuamua pamoja. Chama tawala, TANU, kikauvunja umoja wao mwaka 1969. Kufika Novemba 1973 kuishi vijijini ikawa amri, na mwisho ukawekwa 1976. Watu wakapakiwa kwenye malori, nyumba nyingine zikachomwa ili wasirudi. Mamilioni walihama, kwa hesabu ya ofisini kazi ikawa imekamilika. Lakini shamba la pamoja mtu alikuwa analima siku katibu wa chama anapokuja, akiondoka kila mmoja yuko kwenye shamba lake. Mpango ulikuwa na mazuri yake, shule na zahanati zilisogea, sibezi. Nasema tu jembe la kulazimishwa halizami.

Chuma_Moto:
Mwalimu, zege na Nyerere wapi na wapi?

Mstaafu_wa_Chaki:
Soma tena pale kijana alipoandika "nikienda upande wa pili".

Mama_Lishe_Area_D:
Naomba niseme na mimi ninayewapikia. Hao wababa wanaanza kukoroga saa moja asubuhi, chai wanakunywa saa nne. Wengine wametoka nyumbani hata maji ya moto hawajaonja. Halafu unataka zege gumu! Saiti nyingine ninayopeleka chakula, bosi analipia uji kabla ya kazi. Pale sijasikia kelele za ndoo. Na ile hela uliyowakata, wawili walikuja kukopa kwangu jioni, mmoja ndiye anayekuita "bosi mdogo". Warudishie hata nusu kabla hujawaitia koni.

Kijana_wa_Saiti:
Sawa mama, nimesikia. Nusu nitarudisha kesho asubuhi kabla hatujaanza. Koni nimepata ya kuazima. Bosi kakubali uji wa siku ya slabu tu, vibreta anasema "ataona", nitamwendea tena jioni na fundi mkuu. Kikombe bei gani nikichukua kumi na tano?

Mama_Lishe_Area_D:
Mia tano, sukari ndani. Na vikombe vyangu navihesabu vikirudi, mara ya mwisho kimoja nilikikuta kinatumika kuchotea saruji.