Tupeane uzoefu: viza ya kutembea ya miezi mitatu, wewe ulipitaje?

Binti Barani

Salaam wote. Nafungua hii kwa sababu kila wiki hapa Malindi kuna mtu anaulizia viza na majibu yanatawanyika, huyu anaambiwa nenda kwa fulani, yule anaambiwa lipa kwanza. Dadangu ameolewa Italia upande wa Brescia, anatarajia kujifungua mwezi wa tatu na anamtaka mama aende akamlee, tena si wiki mbili, miezi mitatu kamili. Pasipoti ya mama ipo, hiyo tulihangaika nayo Mombasa mpaka ikatoka. Lakini mama hana akaunti ya benki, nyumba yetu imejengwa kwenye shamba la babu ambalo mpaka leo halina hati, na kazi yake ni mahamri na mbaazi za asubuhi. Ukisoma zile karatasi zinazotakikana unaona kabisa zimeandikiwa mtu mwengine. Mlioenda mkakaa siku nyingi, ama mliopeleka wazazi, mlipitaje? Tafadhali andika iliyokukuta wewe, za kusikia tunazo nyingi.

Mama wa Ngala

Mwanangu hongera kwa mjukuu, Mungu amjaalie dadako salama. Mimi niliitwa na binti yangu vivyo hivyo, uzazi wa kwanza. Italia kitu cha kwanza ni barua ya mwaliko, lettera d'invito, anaijaza yule anayekualika, anaandika utakaa nyumba gani, kuanzia lini mpaka lini, nani anagharamia, halafu anatia sahihi na kukutumia pamoja na kopi ya kitambulisho chake. Mkwe wangu ndo alijaza kwa sababu yeye ni raia.

Sasa shida yangu haikuwa mwaliko, ilikuwa majina. Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu kina jina langu na la babangu, kitambulisho changu kina jina la mume, pasipoti ikafuata kitambulisho. Ukizisoma zote mezani ni kama wanawake wawili tofauti. Niliandikiwa hati ya kiapo kwa wakili kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ikapigwa muhuri, nikaitia ndani ya faili mbele kabisa. Mwambie mama aangalie hilo kabla ya kitu chochote maana wanawake wa kwetu wengi wako hivo.

Na kwa nini nakaa siku nyingi niliandika wazi kwenye barua yangu. Nikasema kwetu mzazi hulelewa arubaini, mamake ndiye anayemkanda na kumpikia na kumshikia mtoto apate kulala, na binti yangu hana mtu kule. Sikupamba. Nikaambatanisha na barua ya daktari wake inayoonyesha tarehe ya kujifungua. Tarehe za safari zikaoana na tarehe ya uzazi, mtu akisoma anaelewa bila kuuliza.

Ukifika kule mwenye nyumba ana masaa 48 ya kwenda kutoa taarifa polisi kwamba amempokea mgeni asiye wa Ulaya. Mkwe wangu alienda kesho yake asubuhi. Msilichukulie jepesi hilo.

Nahodha Watamu

Mimi wa boti, napeleka wageni Marine Park. Mgeni wangu wa siku nyingi alinialika kwao, nchi ya Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, siitaji. Ajenti mmoja wa mjini ndo alitengeneza faili, akasema akaunti haina uzito, jamaa zako wakutilie pesa kwa mkupuo uprinti stetimenti kisha uwarudishie. Viza ilikataliwa. Ile fomu ya kukataliwa ina vijisanduku vya sababu, vyangu vilitiwa alama viwili, kimoja cha pesa na kimoja kinachosema kuna shaka kama utaondoka kabla ya viza kuisha. Ada haikurudi, ile hairudi kwa mtu yeyote, upewe usipewe.

Baadaye nilijipanga mwenyewe bila mtu. Nilichukua stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita, ile inayokuja kwa imeli kwa PDF, kwa sababu pesa yangu ya kweli inapita hapo na si benki. Unaona kabisa mwezi wa kumi na mbili inaingia nyingi, mwezi wa tano karibu hakuna, na nikaandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini, kwamba mwezi wa tano bahari imechafuka na wageni hawapo. Nikaweka usajili wa boti, leseni ya kaunti, barua ya chama chetu cha waendesha boti, na buking za wageni wa Desemba ambao tayari wametoa dipoziti. Na badala ya miezi mitatu niliomba wiki chache. Nikapewa. Nikarudi kabla ya siku kuisha. Safari iliyofuata ndo nikaomba siku nyingi, na sikusumbuliwa.

Kwa hivyo nasema kwa mtu kama mimi, kijana, hana mke kwenye makaratasi, anza na siku chache. Kwa mama anayeenda uzazini ni tofauti, sababu yake inajieleza.

Mwalimu Gede

Niongeze hesabu maana hapa ndipo wengi wanaumia. Schengen sahii ni nchi 29 na kanuni ni siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa nchi zote pamoja, si kila nchi na zake. Nimeshasikia watu wazima wakipanga eti siku 90 zikiisha Italia wavuke Uswisi wakae kidogo halafu warudi waanze upya. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo, kwa hiyo ukivuka hesabu inaendelea tu.

Kitu cha pili, kwenye stika ya viza kuna tarehe mbili na kuna idadi ya siku, na watu wanasoma tarehe wanasahau siku. Tuseme stika imeandikwa 1 Machi mpaka 13 Juni, siku 90. Ukiingia tarehe 1 Machi, siku yako ya 90 ni 29 Mei. Zile zinazobaki mpaka 13 Juni ni nafasi ya kuchelewa kuingia, si za kukaa zaidi. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Na tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya mpakani wa kuchukua alama za vidole na picha badala ya muhuri, kwa hiyo ule mtindo wa kusema muhuri ulififia haupo tena.

Kuongezewa siku ukiwa ndani ni kwa dharura ya kweli kweli, mtu amelazwa, safari zimefungwa, mambo ya namna hiyo. Mwenye nia ya kupita siku 90 kwa kusoma au kuishi na familia hiyo ni viza ya taifa, aina ya D, mlango mwengine kabisa.

Upande wa pesa Italia wana jedwali lao. Mtu mmoja anayezidi siku 20 ni euro 206.58 za kuanzia, na juu yake euro 27.89 kwa kila siku. Piga kwa siku 90 unapata euro 2,716.68. Tiketi na bima ziko nje ya hiyo. Bima lazma ifike euro 30,000 na iwe ya matibabu, hospitali na kurudishwa nyumbani, kwa nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari. Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 ni 45, chini ya hapo bure. Kituo kinachopokea mafaili kina ada yake ya huduma zaidi ya hiyo. Unaweza kupeleka maombi mapema miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15 lakini wana ruhusa ya kufika 45. Kwa uzazi wa mwezi wa tatu mimi ningepeleka faili Novemba, nisingoje mwaka uishe, Desemba kila mtu anasafiri.

Shela Lamu

Mimi nasimamia gesti hapa Shela, nilialikwa Ujerumani na familia ambayo huja kila mwaka. Kule mwenyeji anaenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha mshahara wake, analipa euro 29 na anapewa karatasi rasmi inaitwa Verpflichtungserklärung, maana yake kisheria gharama zako zote ziko shingoni mwake. Asli ndiyo inayotakikana, si picha ya simu. Yangu aliniletea mgeni mwengine mkononi mpaka jeti, pale boti zinapofunga.

Lakini nataka kusema jambo ambalo lilinisaidia na naona watu wa pwani hatulisemi. Kazi yetu inafuata upepo. Kusi likianza, wageni Lamu hukatika, gesti zengine hufungwa kupakwa chokaa, na mishahara hupungua. Kwa hivyo nilisafiri Aprili mpaka Juni, na kwenye barua ya mwajiri iliandikwa kwamba hizo ndizo likizo zangu, na kwamba kuanzia Julai nahitajika kwa sababu vyumba vimeshachukuliwa. Mtu wa ofisi ya viza Nairobi anapoona mfanyakazi anaomba miezi karibu mitatu hushtuka, kazi gani inayokuachia miezi mitatu? Ukimwonyesha kalenda ya Lamu anaelewa.

Gharama ya njia pia mjihesabie. Mimi ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kulala, treni mpaka Nairobi, na kule kulala tena kwa sababu apointimenti ni ya asubuhi. Mtu wa Nairobi analipa nauli ya matatu na kurudi kazini.

Kijana wa Mambrui

nilimpeleka bibi yangu kwa shangazi Italia. faili ilikuwa sawa shida ikawa vidole. bibi amesuka makuti maisha yake yote vidole vimekuwa laini kabisa, mashine haisomi, dada wa kituoni akajaribu akajaribu, tukaambiwa tukae kando apake mafuta kidogo apumzike, mwishowe vikasoma vingine na vile vilivyokataa wakaandika kwenye mfumo kwamba haviwezekani. kwa hivyo kama mama yako anakanda unga na kushika makaa kila siku basi wiki moja kabla apumzishe mikono, apake mafuta ya nazi usiku, isije mkahangaika. alama zikishachukuliwa zinakaa kwenye mfumo wao miezi 59 kwa hivyo safari ya pili kwa kawaida hasumbuliwi

na bima ya wazee ulizeni mapema, nyingine zinapanda sana mtu akipita miaka 70, nyingine hazimkubali kabisa. dawa za presha alibeba za miezi yote mitatu na barua ya daktari

Dada wa Maweni

Si Schengen lakini niseme kwa ufupi. Uingereza viza ya kutembea ya kawaida ni mpaka miezi 6, ada ilikuwa pauni 127 mwaka 2025, unajaza onlaini, mapema kabisa ni miezi 3 kabla ya safari, na jibu ni kama wiki 3. Hakuna hesabu ya 90 kwa 180, lakini ukienda ukakaa miezi sita ukarudi ukaomba tena papo hapo watakuuliza unaishi wapi hasa. Kakangu alienda Marekani, hiyo alilipa dola 185 na intavyuu ya uso kwa uso ubalozini Gigiri, Nairobi, na hata ukipata viza anayeamua ukae siku ngapi ni afisa wa uwanja wa ndege siku unayoingia.

Binti Barani

Ahsanteni sana, wallahi nimesoma yote kwa sauti mama akisikiliza, ile ya vidole amekubali papo hapo. Swali langu limebaki moja, shamba. Tunaonyeshaje kwamba mama ana kwao na atarudi ikiwa hatuna hati? Babu alizikwa hapo, minazi ni ya mkono wake, lakini karatasi hakuna.

Mzee wa Marafa

Binti, nusu ya pwani iko hivyo na si kosa la mamako. Viza haikatazwi kwa kukosa hati, hati ni ushahidi mmoja kati ya mwingi. Mimi nilimsaidia mke wangu hivi. Barua ya chifu inayosema familia yetu imekaa hapo tangu lini na nani anaishi hapo sasa. Bili ya umeme yenye jina lake. Kitabu cha chama cha akina mama, kimepigwa kopi kurasa za michango yake, na barua ya mwenyekiti kwamba yeye ni mweka hazina na zamu yake ya kupokea iko mwezi fulani baada ya safari. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliobaki nyumbani na wajukuu anaowalea. Barua ya mzee wake, yaani mimi, kwamba namngoja. Kila kisichokuwa Kiingereza tulikitafsirisha. Mahamri pia ni biashara, kama kaunti huwa inamtoza tikiti ya sokoni basi zile tikiti akusanye kuanzia leo, na wateja wake wakubwa, yale mahoteli madogo anayoyapelekea, wamwandikie barua mbili tatu zenye simu inayopokelewa.

Akaunti ya benki afungue sasa, si kwa kuijaza, kwa kuweka anachopata kila wiki, hata kidogo. Pesa ya safari ionekane upande wa dadako na shemejiyo Italia, wao ndio wa kutimiza lile jedwali la Mwalimu. Pesa ya mama ionyeshe tu kwamba ana kazi.

Na wakikataa, msimsikilize ajenti yeyote anayesema ana mtu ndani. Karatasi ya kukataa itaeleza sababu. Kwa Italia kuna siku 60 za kukata rufaa mahakamani Roma kupitia wakili wa kule, lakini kama kilichokosekana ni karatasi tu, kuomba upya na kuitia hiyo karatasi ni haraka zaidi.

Binti Barani

Yeye ni katibu wa chama, si mweka hazina, lakini kitabu anakiandika yeye mwenyewe, mwandiko wake toka mwanzo. Nitakipiga kopi kesho. Mama wa Ngala, yule wakili wa hati ya kiapo yuko hapa Malindi ama ulienda Mombasa?

Mama wa Ngala

Hapa hapa, karibu na mahakama. Njooni Jumatatu asubuhi tutaenda pamoja, na mama aje na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, asli.