Tupeane uzoefu: fomu zilizokataa baada ya kupandisha PHP

MwanaIbanda, Bukavu
Bandugu, seva ikitoka PHP 5 (lugha inayoendesha kurasa zetu) kwenda 8, cha kwanza kufa ni fomu. Tuweke hapa kilichovunjika pamoja na dawa yake. Naanza na get_magic_quotes_gpc(), amri ya kuuliza kama PHP yenyewe inaweka \ ndani ya data ya fomu. Iliondolewa kabisa kwenye 8.0, kwa hiyo ukurasa unaoiita unakufia hapo hapo. Lakini usifute mstari ukaenda zako. Tangu 5.4 PHP haiweki tena \ mbele ya alama ya mkato wa juu, na majina ya huku yamejaa M'. Jina likiingizwa hivyo hivyo ndani ya SQL (amri za hifadhidata), amri inakatika katikati.

Himbi_kode, Goma
Hiyo ya M' ni kweli tupu.

Kadutu75
Weka juu ya kila ukurasa kitanzi kinachopitisha $_POST yote (data iliyotumwa na fomu) kwenye addslashes(), inayorudisha zile \. Dakika tano, kazi imekwisha.

MwanaIbanda
Hapana ndugu, huko ni kuurudisha ugonjwa. Barua pepe na risiti zitaandika M\' mbele ya wateja. Tumia PDO, njia inayotenganisha data na amri ya SQL: prepare() kisha execute(). mysql_query(), njia ya zamani ya kutuma SQL, nayo ilitolewa kwenye 7.0, hiyo mistari utaiandika upya tu.

Kadutu75
Fomu 40, seva ya zamani inazimwa kesho. Utaziandika wewe?

Kamalondo_L'shi
Wakubwa, kuna mbaya kuliko hiyo, maana yenyewe hailii. Fomu ya pointi za darasa: wanafunzi 60, kila mmoja visanduku 18, jumla 1080. Kwenye 5.2 ilipita vizuri. Tangu 5.3.9 kuna max_input_vars, kikomo cha visanduku vinavyopokelewa, na kawaida yake ni 1000. Kinachozidi kinatupwa, onyo linabaki ndani ya logi (faili la kumbukumbu za seva) ambayo hakuna anayeisoma. Hesabuni: 55 × 18 ni 990, kwa hiyo mwanafunzi wa 56 anafika na pointi 10 tu, wa 57 hadi 60 hawafiki. Msimbo ukisoma kilichokosekana kama sifuri, buletini inatoka na sifuri za watoto waliofanya mtihani! Na kama msimbo unauliza isset($_POST['hifadhi']) na kitufe kiko chini kabisa, nacho kimekatwa: mwalimu anabonyeza, hakuna kinachohifadhiwa.

Himbi_kode
Mungu wangu, sifuri kwa mtoto wa watu. Si inatosha kupandisha kikomo kwa ini_set() ndani ya ukurasa?

Kamalondo_L'shi
Haisaidii, fomu imeshasomwa kabla mstari wako wa kwanza haujaanza. Andika php_value max_input_vars 5000 ndani ya .htaccess, faili la mipangilio ya seva ya Apache.

Katindo_fundi
Angalia, PHP ikiendeshwa kwa FPM (yaani kando, nje ya Apache), mstari huo ndani ya .htaccess unaleta kosa 500. Hapo tumia .user.ini, faili la mipangilio ya PHP yenyewe: max_input_vars = 5000, halafu ngoja dakika 5, ndipo inasomwa upya.

Kadutu75
Au gawa darasa kurasa mbili, 30 na 30.

MwanaIbanda
Hapo Kadutu tunapatana.

Katindo_fundi
Wenye akina Désiré na Hélène: data ikiwa bado ISO-8859-1 (mfumo wa zamani wa kuandika herufi), htmlspecialchars(), inayoandaa maandishi ya kuonyesha kwenye ukurasa, tangu 5.4 inadhani ni UTF-8 (mfumo wa sasa) na inarudisha utupu. Jina zima linapotea ndani ya kisanduku, mtu akihifadhi tena limefutika. Kuanzia 8.1 herufi mbovu tu ndiyo inageuka alama ya kuuliza. Geuza data yote iwe UTF-8, lakini nakala ya akiba kwanza.

Kamalondo_L'shi
Na menyu ya kuchagua mtaa. Ukaguzi wa zamani, if ($_POST['mtaa'] == 0), ulikuwa unakamata pia asiyechagua kitu, kwa sababu "" ilikuwa sawa na 0. Kwenye PHP 8 si sawa tena: fomu tupu inapita, halafu hifadhidata ya MySQL 5.7 inaikataa kwenye safu ya namba. Andika === ''.

Kadutu75
Nimesoma. Ile fomu ya malipo nitaiandika kwa PDO usiku huu, zile 39 zitapita na kitanzi hadi Jumatatu.

MwanaIbanda
Na ile inayopokea majina. Usiiache.