Nyama haisagiki tumboni: nianze vidonge vya kuongeza asidi?

MamaCherehani
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 52, nashona nguo hapa Tanga. Tangu mwaka jana nikila wali vijiko vitano sita tu, nimeshashiba na tumbo limejaa gesi. Nyama ndiyo kabisa, nikila mchana mpaka usiku bado naibeua.

Miaka mitatu sasa nameza omeprazoli ya miligramu 20 kila asubuhi kwa ajili ya kiungulia. Niliandikiwa ya wiki nne, nikaendelea kujinunulia mwenyewe. Sasa jirani kaniletea chupa aliyotumiwa na mwanawe kutoka Dubai, vidonge vya betaini haidrokloridi, vya kuongeza asidi ya tumbo, vyenye pepsini ya kusaga nyama. Anasema asidi yangu imekwisha, nimeze kimoja wakati wa kula, niongeze kimoja kimoja mpaka nisikie joto tumboni, hapo nipunguze. Nimefanya na kile kipimo cha bekingi soda, robo kijiko kwenye maji kabla ya chai. Wanasema asidi ikiwepo utabeua ndani ya dakika tano; zikapita, sikubeua.

Chupa iko mezani pembeni ya mkasi, sijaifungua. Naombeni mwenye uzoefu.

FundiUashi
Dada, usiifungue. Mimi hilo joto nililisikia, nikaambiwa ndiyo dalili kwamba dozi imetosha. Kumbe nilikuwa na kidonda, na mgongo ukiniuma nilikuwa nameza diklofenaki. Siku ya nne choo kilitoka cheusi kama lami. Niliongezwa damu chupa mbili.

DukaLaDawaMoro
Pole mama, na pole fundi. Nauza dawa, kwa hiyo nisemee ninachokijua.

Hivyo vidonge si maji matupu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya waliopunguzwa asidi kwa rabeprazoli, dawa ya ukoo mmoja na omeprazoli yako. Miligramu 1500 za betaini zilirudisha asidi yao ndani ya dakika chache, lakini baada ya saa moja na kitu hivi ikashuka tena. Walichopima ni asidi, hawakupima kama nyama inasagika. Marekani ilishakataa bidhaa hizi ziuzwe kama dawa ya kuongeza asidi, kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Kinachonisumbua zaidi ni hili: asubuhi unameza dawa ya kuzima asidi, mchana unataka kumeza ya kuiongeza. Na bekingi soda haikwambii kitu, wapo wenye asidi tele wasiobeua.

Nenda ukapime H. pylori kwa choo. Bakteria huyu akikaa miaka mingi hudhoofisha ukuta wa tumbo mpaka asidi inapungua kweli. Mwambie daktari unatumia omeprazoli, maana inatakiwa isimame wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Ukiiacha, kiungulia kinaweza kurudi kwa nguvu siku za mwanzo, usiogope. Kwa umri wako na huko kushiba haraka, ulizia pia kipimo cha kamera ya kuangalia tumbo kwa ndani.

Halafu, miguu ina ganzi? Asidi ndiyo inayoibandua vitamini B12 kutoka kwenye nyama. Vitamini hiyo ikikosekana miaka, mishipa ya fahamu inaumia.

MamaCherehani
Umenishtua. Nina miezi siisikii vizuri kanyagio ya cherehani kwa mguu wa kulia, mpaka nichungulie chini nijue kama nimeikanyaga. Nikadhani ni kukaa sana. Kesho naenda.

MamaCherehani (wiki tano baadaye)
Nimerudi. H. pylori yupo. Kamera imeonyesha ukuta wa tumbo umechubuka na kuwa mwembamba, kidonda hakuna, na kinyama walichokata hakina saratani, Alhamdulillah. B12 iko chini sana, nachomwa sindano. Antibiotiki za siku 14 nimezimaliza jana, mdomo mchungu kama nimelamba chuma. Chupa nimemrudishia jirani na nimemweleza kwa nini, naye ana vidonda. Mguu bado, ila wali sasa namaliza sahani ndogo.

Nipime tena lini?

DukaLaDawaMoro
Hesabu wiki nne kamili tangu jana, na wiki mbili za mwisho usiguse omeprazoli. Sindano usikatishe hata moja, mama.