Mliosoma uhasibu chuo, tupeane uzoefu

Kijana wa Kibada: Wakuu, mdogo wangu kachaguliwa IFM, uhasibu. Jana kaniuliza kama ataiweza, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza. Urari, ile orodha ya kuhakiki kama pande mbili za hesabu zinalingana, umegoma, debiti na krediti zimepishana 27,000, kesho yake mtihani. Nimejumlisha mpaka macho yanauma. Saa nane usiku jirani wa hosteli akachungulia daftari, akasema, "Gawanya kwa tisa." Ikagawanyika! Basi umegeuza tarakimu, akaniambia. Kweli, 85,000 nimeiandika 58,000. Nyie mlipitia yapi, na sasa mko wapi?

Mzee wa Leja: Umenikumbusha mbali. Isipokubali tisa, chukua nusu ya tofauti uitafute. Huenda umeiweka upande siyo.

Binti Moro: Mwambie asiishie kwenye shahada. Mitihani ya NBAA, Bodi ya wahasibu na wakaguzi, ipo Mei na Novemba, akimaliza tu ajisajili, kichwa kikiwa bado na moto. Mimi nilisubiri miaka mitano, CPA, cheti cha Bodi hiyo, ikanitoa jasho.

Fundi Hesabu: CPA si lazima kwa kila mtu. Nina duka la vifaa vya ujenzi, najua mfuko wa saruji unanibakizia shilingi ngapi na ritani ya VAT napeleka kabla ya tarehe 20. Elimu hiyo hiyo.

Binti Moro: Kwa duka lako sawa. Ila usimpoteze mtoto. Akitaka kukagua hesabu za watu na kuziwekea saini, bila Bodi haendi popote.

Mama Wawili: Ngoja niseme, maana hili limenikaa moyoni. Kazi yangu ya kwanza nilikuwa dawati la malipo. Ikaja vocha ya mafuta ya gari, imeambatanishwa risiti kumi na moja za kuandikwa kwa mkono. Tarehe zimeachana wiki mbili, tatu, lakini namba za risiti zinafuatana kama zimechanwa siku moja, na mwandiko ni mmoja. Bosi akasema, "Saini tu, wenzako wote wameshasaini." Nilikuwa na mimba ya miezi sita, mume hana kazi. Nilikataa. Nikaandika barua, nikabaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Mkataba haukuongezwa. Mwaka mzima nimepika maandazi alfajiri, mtoto mgongoni. Ukaguzi ulipokuja, waliosaini waliitwa mmoja mmoja. Nami niliitwa, nikaenda na nakala yangu. Leo ni mkaguzi wa ndani kwenye saccos.

Mzee wa Leja: Pole sana dada. Na hongera.

Fundi Hesabu: Hapo nimenyamaza. Mungu akutunzie wanao.

Dogo wa Mzumbe: Mimi niko mwaka wa pili. Nianze na Excel au kwanza nikomae na leja ya mkono?

Binti Moro: Excel.

Mzee wa Leja: Mkono kwanza! Kompyuta itakujumlishia vizuri hata kosa lako.

Kijana wa Kibada: Dada Mama Wawili, nimemsomea mdogo wangu. Anauliza, ulizigunduaje zile namba?

Mama Wawili: Mwambie zilikuwa zimebanwa kwa pini kufuata tarehe, tena zimechanganywa na za maegesho. Nilitoa pini, nikazipanga mezani upya kwa namba.