The Standard na Daily News ni gazeti moja?

Mjukuu_wa_Karani
Wakuu, habari zenu. Tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu babu, nikakuta sanduku lake la bati limetandikwa magazeti ili nguo zisishike kutu. Moja ni Tanganyika Standard, la pili The Standard la 1971, la tatu Daily News la 1973. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, ukiikunja inakatika. Je, ni gazeti moja hilo? Na mbona siku hizi mtaani kwetu silioni kabisa?

Mzee_wa_Meza
Ni lilelile, mwanangu. Mimi nimeuza magazeti Dar tangu 1991, meza niliachiwa na kaka yangu. Ya zamani alinisimulia yeye, ya karibuni nimeyaona.

Lilianza 1930, enzi za Mwingereza. Baadaye likawa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza, Lonrho, mpaka tarehe 5 Februari 1970 Mwalimu Nyerere alipolitaifisha. Mhariri mkuu akawa yeye mwenyewe Rais, ila kazi ya kila siku akampa Frene Ginwala, mama wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la kwao 1994. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist la chama cha TANU, ndipo likaitwa Daily News, mhariri akiwa Benjamin Mkapa. Kwa hiyo babu yako alihifadhi zama tatu ndani ya sanduku moja.

Sasa kuhusu mtaani. Nilipoanza, vijana waliomaliza vyuo walinikuta alfajiri sijakata hata kamba ya mzigo. Ukurasa wa mbele hawakuutazama. Walifungua moja kwa moja nafasi za kazi, asiye na hela ananakili anuani kiganjani. Sikumfukuza hata mmoja. Wenye makampuni wao walifuata zabuni. Matangazo hayo ndiyo yaliyolibeba gazeti, maana bei ya mezani peke yake hailipi karatasi na wino.

Kisha magazeti binafsi yakamwagika: Majira, Nipashe, baadaye Mwananchi. HabariLeo, la Kiswahili la kampuni hiyohiyo ya Daily News, lilikuja 2006, na kwa maoni yangu walichelewa mno. Lakini pigo lenyewe ni matangazo kuhama. Kazi za serikali zipo mtandaoni kwenye Ajira Portal, zabuni za serikali tangu 2023 zipo NeST, mfumo wake wa mtandaoni. Hata wale wa kusoma vichwa vya habari wamesimama wamepungua, kurasa za mbele wanatumiwa WhatsApp wakiwa bado kitandani. Inaniuma, kwa sababu pale mezani watu wasiofahamiana walikuwa wakibishana habari mpaka mmoja anatoa hela ananunua.

Pwani_Kavu
Shikamoo mzee. Naongeza kidogo: msomaji wa Kiswahili hakuwa hapo tangu mwanzo. Alikuwa kwenye magazeti ya Ngurumo, lililoanza 1959, na Uhuru, tangu 1961. Daily News lilikuwa la ofisini.

Mjukuu, usiyabandike gundi ya karatasi wala usiyapeleke kupigwa lamineshi. Yalaze bapa, mbali na jua, uyapige picha.

Mzee_wa_Meza
Marahaba. Hapo kwenye Kiswahili umesema kweli.

Mjukuu_wa_Karani
Asanteni sana. Baada ya kumsoma mzee nimelifungua lile la 1973, polepole. Ukurasa wa ndani kuna tangazo la nafasi ya karani, limezungushiwa wino wa bluu. Nimempigia shangazi. Anasema ndiyo kazi babu aliyoifanya mpaka akastaafu.