Wauza vifaa vya optiki rekebishi, semeni ukweli kuhusu ucheleweshaji!

Wakuu, leo simung'unyi maneno. Sisi tunaounganisha optiki rekebishi (mfumo unaopima jinsi hewa inavyovuruga mwanga wa nyota na kuurekebisha papo hapo) kwenye darubini kubwa tunauziwa kamera ya kihisi, ya kupima uvurugaji huo, na kampuni hii, kioo kinachojipinda kuurekebisha na ile, kompyuta ya udhibiti na nyingine. Kila kifaa kimefaulu majaribio kiwandani kwao. Ukiviunganisha, nyota inacheza kwenye picha, na wauzaji wanaanza kutupiana mpira.

Kamera imeandikwa fremu 1,000 kwa sekunde. Sawa, inazitoa. Je, tangu mwanga uingie hadi pikseli ya mwisho itufikie unapita muda gani? Kimya. Muda huo unabadilika kiasi gani kati ya fremu na fremu? Hapo ndiyo hawajibu kabisa! Hewa haitusubiri. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipita juu ya darubini, ndani ya milisekunde 2 tabaka la hewa limeshasogea sentimita 2, na kule juu angani upepo una kasi kuliko huo. Kioo kinabaki kurekebisha hewa iliyokwisha kupita. Tunalazimika kupunguza nguvu ya marekebisho ili mfumo usianze kuyumba wenyewe, na mwanga wa nyota unasambaa kuufuata upepo, unafunika pale pale tulipokuwa tunatafuta sayari. Usiku wa darubini umepotea hivyo, na hakuna wa kuurudisha.

Ukiomba kuona programu dhibiti iliyo ndani ya kifaa, unaambiwa siri ya kibiashara. Draiva ya kioo (programu ya kukiunganisha na kompyuta) nayo inakubali toleo moja tu la mfumo endeshi wa Linux, la zamani.

Halafu feni! Nani aliruhusu feni ndani ya kamera inayofungwa kwenye meza ya optiki? Mtetemo wake unaingia kwenye kipimo, kioo kinauhangaikia kana kwamba ni anga, na joto linalopulizwa linavuruga hewa kwenye njia ya mwanga. Kupoza kwa maji kunajulikana miaka yote.

Fizikia hii si ngeni. Mwanaastronomia Horace Babcock alitoa wazo la optiki rekebishi mwaka 1953. Sasa M4, kioo cha nne na kinachojipinda cha darubini ya ELT (Extremely Large Telescope), inayojengwa Chile, kina akchueta (visukumizi vidogo vya kukipinda) zaidi ya 5,000. Kwa ukubwa huo mtu hawezi kukisia ucheleweshaji kisha arekebishe usiku akiwa mlimani.

Ninachotaka: kamera iandikwe ucheleweshaji wake na jinsi unavyobadilika, kila fremu iwe na muhuri wa muda, kioo kiandikwe muda wa kutulia baada ya amri. Na nyie mnaosaini mikataba, msilipe awamu ya mwisho kabla mfumo mzima haujapimwa ukiwa umeunganishwa. Kupokea kifaa kimoja kimoja kwa cheti cha kiwandani ndiko kunakotuumiza.

Mwenye kipengele cha mkataba kilichowahi kumbana muuzaji kwenye hili akiweke hapa, tukitumie wote.