Mjadala: Je, ni haki kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu?

Binti wa Mwamba
Kamati ya wavuvi ya shehia yetu imetangaza kwamba mwamba tunaochokolea pweza utafungwa miezi mitatu kuanzia bamvua lijalo. Sisi wanawake hatuna ngalawa wala miwani ya kuzamia. Tunasubiri maji yakupwe ndipo tuingie kwa miguu, na siku za kuingia ni chache kila mwezi. Wanaume watahamia miamba ya nje. Sisi tutahamia wapi? Naomba maoni ya wanaoujua mwamba, si ya wanaomjua pweza akiwa tayari kwenye sufuria.

Mwalimu wa Sayansi
Dada yangu, jambo hili halikuanzia kwenu. Mwaka 2004, huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walifunga sehemu ya mwamba wao, na walipoufungua walipata pweza wakubwa kuliko waliowazoea, vijiji jirani vikaiga, na baadaye wazo hilo likafika Kisiwa Panza kule Pemba na Pate kule Lamu. Sababu yake imo katika maisha ya mnyama mwenyewe. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na miezi michache tu, na katika muda huo mfupi hukua upesi sana, kiasi kwamba yule mdogo unayemwacha leo atakuwa na uzito mara kadhaa baada ya miezi mitatu. Pweza si samaki. Ni jamaa wa konokono na koa, na kanuni zinazomfaa changu hazimfai yeye.

Nahodha wa Zamani
Nimevua miaka arobaini na sijasikia dharau kama hii. Mnyama anayegeuza rangi kabla hujapepesa jicho, anayepanga mawe mlangoni mwa pango lake akajifungia ndani, umwite jamaa wa konokono? Konokono ni mdudu wa shambani anayekula mchicha. Nilisikia redioni kwamba pweza ana mioyo tisa. Konokono ana mingapi? Maneno kama haya ndiyo yanayofanya wataalamu wasisikilizwe vijijini.

Mwalimu wa Sayansi
Mzee wangu, shikamoo. Mioyo ni mitatu: miwili husukuma damu kwenye matamvua na mmoja kuisambaza mwilini. Damu yenyewe ina shaba pale ambapo yetu ina chuma, ndiyo maana ni ya samawati, na konokono wengi wanayo damu ya namna hiyohiyo. Ukipasua mdomo wa pweza, nyuma ya ule mdomo mgumu kama wa kasuku utakuta ulimi wenye safu za meno madogo kama tupa, na ulimi huo ndio konokono anaokwangulia majani. Ile mikono minane ilitokana na sehemu ambayo kwa konokono ni mguu wa kutambalia. Kilichopotea ni kombe tu. Ngisi bado ana kipande chembamba kama plastiki mgongoni, na dome, jamaa wa ngisi, ana kile kitu cheupe, chepesi, kinachotupwa ufukweni na mawimbi. Hayo ni mabaki ya kombe la mababu zao, lililoingia ndani ya mwili.

Mkaazi wa Lindi
Naongezea ya kwetu. Tendaguru inajulikana kwa dinosaria waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, lakini watu husahau kwamba kati ya matabaka yenye mifupa yapo matabaka ya bahari, ya kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, yenye makombe ya chaza wa kale, amonaiti waliojikunja kama pembe ya kondoo, na belemnaiti waliochongoka kama risasi. Amonaiti na belemnaiti ni ukoo mmoja na ngisi na pweza, nao walitoweka karibu na wakati ule dinosaria wakubwa walipotoweka. Ninaumia kila ninaposikia kwamba urithi wa Tendaguru ni mifupa peke yake.

Mchuuzi wa Feri
Mwalimu, mimi nauza pweza, kamba na kaa, na wateja wangu wote huwaita samaki. Leo umempa pweza undugu na koa. Kesho utasema kaa ni ndugu wa mende, na nani atanunua? Kuna watu wanalisha watoto kwa biashara hii, kwa hiyo pima maneno yako.

Mwalimu wa Sayansi
Siwezi kuficha kweli kwa ajili ya mnada, ndugu yangu. Kaa, kamba na mende wote wana gamba la nje wanalolivua wanapokua na miguu yenye viungo, na utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba wadudu walichipuka ndani ya ukoo wa akina kamba. Zaidi ya asilimia 95 ya aina za wanyama zinazojulikana hazina uti wa mgongo, nasi tumezikusanya zote chini ya jina linalotaja wasichonacho. Hata kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kwa undugu, yuko karibu zaidi na binadamu kuliko na pweza anayekalia jina lake.

Nahodha wa Zamani
Sasa umenivuka mimi mwenyewe. Nilikuwa natetea heshima ya pweza, kumbe unanitafutia undugu na kiti cha pweza, kitu kisicho na kichwa! Mwenyezi Mungu ameumba kila kiumbe kwa namna yake, na mimi sitoki kwenye ukoo wa matope.

Mwanafunzi wa Mombasa
Babu, hakuna aliyekutukana. Undugu huo unaonekana katika kiinitete, yaani mnyama anapoanza tu kuumbika: kwa kiti cha pweza na kwa wanyama wenye uti wa mgongo, tundu la kwanza huwa upande wa haja, na mdomo hufunguka baadaye. Njia yetu na ya pweza zilitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ndiyo maana jicho lake linanishangaza kuliko undugu wowote. Lina lenzi kama letu, ila lilijitokeza kivyake, na nyuzi zake za neva hupita nyuma ya utando unaopokea mwanga, hivyo halina doa pofu, yaani mahali pasipoona, kama letu. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na nyingi zaidi zimo mikononi kuliko kichwani. Kwa hiyo ukoo wa konokono haumshushi hata kidogo.

Binti wa Mwamba
Nimesoma yote, na hakuna aliyejibu nilichouliza. Mimi nawaona pweza majike pangoni wamelalia mayai yao, hawali, wanapauka, na mayai yakishaanguliwa wanakufa. Mwalimu, ikiwa mama atakufa kwa vyovyote, kwa nini aozee shimoni wakati mwanangu hana ada ya shule? Na wale watoto wake, ni nani aliyewaona wakibaki kwenye mwamba wetu?

Mwalimu wa Sayansi
Hapo umenishika, dada yangu, na nakiri. Vitoto vya pweza huelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, kwa hiyo wanaotua kwenu huenda wametoka mbali, na wenu wanaweza kwenda kwa wengine. Faida ambayo kijiji kinaweza kuiona kwa macho ni uzito wa wale wadogo walioachwa wakue. Usimtoe anayelalia mayai, kwa sababu mayai yasiyopepewa maji hufa. Lakini nilipaswa kuanza na maisha yenu, nami nilianza na konokono.

Nahodha wa Zamani
Kile cheupe cha dome nimekiokota tangu utotoni na sikuwahi kujua ni nini. Konokono bado sijamkubali. Ila binti huyu ana haki, kwani siku ya kufungua mwamba sisi wenye vyombo ndio hufika kwanza, na maji yakikupwa wanawake hukuta mashimo matupu.

Binti wa Mwamba
Basi, babu, ukayaseme hayo mbele ya kamati Ijumaa baada ya sala, na useme pia siku ya kwanza ya kufungua iwe ya wanaoingia kwa miguu.